Papa, Ile Tiketi Ilikuwa Yangu

Papa,

Leo ni jumamosi, siku ya posho, kesho ni siku ya Mungu. Ni saa kumi ya muchana, na rafiki yako Papa Kambale wa salon de coiffure ameniletea programme ya mbio ya farasi ya kesho. Ameniletea mimi, muuzisha samaki! Alisimama ku mulango na kitambaa ya kunyolea bado ku bega, akasema: "Masika, tangu Mwalimu atuachie tuko tunapoteza feza tu, paka kupoteza. Utuangalilie, tafazali." Nilitaka kumucheka, nikalia. Naye akalia. Tukalia pale wawili sawa batu bapumbavu, na client yake anamungoja kule na nywele imekatwa nusu kichwa.

Donc niko nayo hapa ku magoti. Nitaifanya na wewe, course kwa course, mbio moja moja, vile ulinifundisha. Mais kwanza kuna neno.

Imepita wiki sita tangu tukuzike. Ile tiketi yenye ilianguka mu kanisa ilikuwa yangu. Ulijua, na mimi nilijua kama unajua. Mais sikuisemaka na kinywa yangu ata siku moja, ata kwako, tukiwa wawili ku moto. Kesho niko nataka kusimama mbele ya kanisa yote niiseme. Njo maana naandika. Tangu asubui mara mbili nimeisha kujiambia: Masika, nyamaza tu, mutu amekufa, itamusaidia nini? Nikikuandikia leo, pengine kesho nitasimama kweli.

Wacha nianze na mazuri. Mabaya yatafika yenyewe, hayakosake njia.

Wewe mwalimu ya français ya miaka mingi, ulianza kusoma programme juu ya hasira. Batu ya kiosque ya kuchezea mbio ya Ufaransa, jirani na salon ya Papa Kambale, balikuwa bacheza na ndoto. Huyu ameota nyoka, anacheza namba moja. Ule anacheza namba ya batoto yake, na kila mara bibi akizaa anabadilisha. Ukasimama katikati yao na kofia yako: "Farasi si ndoto! Farasi ni nyama, iko na miguu na pumuzi. Musome!" Mumoja akakujibu kama ile kifaransa ya farasi haisomeki. Kusema "haisomeki" mbele ya mwalimu! Kuanzia kesho yake ukawa na darasa pale, ku kiti ya kunyolea, na batu bazima benye mvi banakaa chini ku sakafu bananyanyua mukono.

Mu Butembo muzima, pengine ni wewe peke yako uliwahi kugusa farasi. Babu alichungaka farasi ya muzungu mumoja kule juu Lubero, mu baridi, na wewe mutoto njo ulikuwa unamupatia maji. Umenionyesha mara ngapi ile alama ku kidole, kwenye alikuuma? Mama alisemaka ni kisu ya ndizi. Mimi nilikubali yako, juu ni nzuri zaidi.

Nakumbuka ile siku ya kwanza ulinikalisha na mimi. Nilikuwa nimetoka marché, niko nanuka samaki ya Kyavinyonge, nikakuambia: "Papa, unasoma hii bulozi?" Ukanionyesha ule musitari mudogo chini ya jina ya kila farasi: 2p 1p 5p 0p. Ukasema bafaransa banaiita musique. Ni nafasi zenye alipata mu mbio zake za nyuma, na ile p ni plat, mbio ya kukimbia tu, bila kuruka miti. "Mu plat hakuna ujanja," ulisema. "Ni miguu, pumuzi, na muzigo." Ukanieleza muzigo: farasi mwenye alishinda sana banamuongezea kilo ku mugongo, ili bengine nao bapate nafasi. "Angalia mama mwenye anatoa makala mu pori," ulisema. "Umuongezee kilo tatu. Ku tambarare hautaona kitu. Muangalie ku kilima ya mwisho." Tangu pale sikuwahi kuona mama na kitunga ya makala bila kumuhesabia kilo.

Na majina! Ile majina ya kifaransa batu bashindwa kuitamka, ukawapatia majina yetu kwa namba, vile tunaitaka batoto, kufuata nani alizaliwa mbele. Namba moja Paluku, mbili Kambale, tatu Kasereka, ine Kakule, tano Katembo, sita Mbusa. Siku moja ukasema na sauti: "Kasereka mumutoe, pumuzi yake ni fupi na anapendaka kulala." Kumbe kuna Kasereka mumoja, muchuuzi ya mafuta, ameketi pale nyuma. Alikasirika wiki muzima. Ulienda kumuomba masamaha na mukungu ya ndizi, na ulipotoka kwake ulicheka njiani mpaka ukashika ukuta.

Sheria yako ilikuwa moja. "Hapana kuuliza nani atashinda. Uliza kwanza nani hawezi." Kisha unachukua bic nyekundu, ile ya kusahihisha, unakata: huyu terrain ya matope hapana, huyu corde yake, nafasi ya kuanzia, iko mbali sana, kabla afike ku kona bengine bameisha kuzunguka. Ulikata taratibu. Ulihurumia ata farasi yenye ulikata.

Na wewe mwenyewe hukucheza. Ata mara moja. Bazee ya kanisa bakaja nyumbani kukuonya juu ya kamari, ukawajibu: "Kusoma si kucheza." Bakakunywa chai, bakaenda. Bote ni wewe ulibafundishaka kusoma.

Mimi njo nilicheza.

Nilicheza juu ya kinyongo, Papa, wacha niseme vile iko. Niliona bale batu banakula kichwa yako kila siku, banashinda, banaenda kununulia bibi zao vikwembe, na kwako banaleta kikombe ya chai. Chai! Na pensheni yako haifike, na viatu vyako vinafunguka mudomo. Nikajiambia: hii akili ni ya nyumba yetu, na sisi tuikule siku moja. Ile siku ya posho ulikuwa umechagua Mbusa, namba sita, farasi mwenye hakuna mutu alimutaka. Ulisema kule kumenyesha siku ine na yeye anapendaka matope. Nikafunga uso na kitambaa, nikaenda ku kiosque, nikaweka feza juu ya Mbusa. Mbio ilikuwa kesho yake muchana.

Tiketi niliificha mu kitabu ya nyimbo. Niliona ni akili sana, juu nyumbani kwetu hakuna mutu anaimbaka na kitabu katikati ya wiki. Nilisahau kama siku ya Mungu, ku banc yetu kitabu ni moja, na inapita mukono kwa mukono. Ikafika kwa shemasi mwenye aliketi mbele yetu, mwenye alisahau yake. Akaifungua. Karatasi ya njano ikaanguka chini, akaiokota, akaisoma, na wimbo ikaanza kufa banc kwa banc.

"Hii ni ya nani?"

Nilikuwa na miaka makumi tatu na moja. Mama ya batoto wawili. Mudomo yangu inajulikana marché yote ya Kimemi, ata bapolisi bananizunguka. Ulimi ikakufa. Ukaniangalia. Haikuwa na hasira, ile jicho. Uliniangalia vile unaangalia mwanafunzi mwenye anajua jibu na anaogopa kunyanyua mukono. Ukaningoja. Eh Mungu wangu, ulinipatia nafasi, ningeweza kuhesabu mpaka kumi. Kisha ukasimama wewe.

"Ni yangu."

Shemasi aliipasua pale pale. Muchana tukakaa nyumbani, Mama anachagua maharagi yenye ilikuwa imeisha kuchaguliwa. Na saa kumi na moja Papa Kambale akafika mbio, jasho mutupu: "Mwalimu! Sita! Sita amebaacha bote!" Hakujua kitu, maskini, yeye ni mukatoliki. Ukasema polepole: "Niliwaambia, anapenda matope." Na ukacheka. Papa, siku yenye nilikuharibia jina mbele ya batu bote, uliweza kucheka juu ya farasi.

Bakakukata ku Meza ya Bwana. Miezi sita ku banc ya nyuma, pamoja na bavijana benye balipatia basichana mimba na ule muzee wa kasiksi, pombe ya ndizi. Hakuna kuomba mbele ya batu, hakuna kufundisha katekisimu. Siku ya Meza munatoka inje, munasimama ku majani kama batu bangoja mvua iishe. Miezi sita ikaisha. Bakakuita: "Mwalimu, umetubu?" Ukajibu: "Bado."

Bado! Bashangaa. Mama alishangaa, ao nilifikiri alishangaa. Mimi sikushangaa. Kwa batu uliweza kubeba yangu, mais kwa Mungu ungesema nini? Ungetubu kile hukufanya? Hukuweza kutubu, hukuweza kunitaja. Ikabaki paka njia moja: mimi niseme. Na hukunisukuma. Ata kwa jicho, hapana. Uliniamkia kila asubui vile vile, "Wavukire, Masika," na kila asubui nilijiambia leo nitasema, na kila magaribi nilikuwa na sababu. Ile mama wa kanisa ya jirani, ya maombi ya nguvu, alikuja kukuita mara tatu: "Kwetu hatukatake mutu." Ukamujibu mutu hapana kuhama nyumba sababu inavuja, anapanda juu anatengeneza. Ilikuwa ya mimi kupanda.

Mwaka ikapita.

Kisha ukaenda Beni, kwa dada yako, Tante Kahindo, kuona mutoto ya mutoto yake. Uliniambia utarudi siku ya tatu. Tension ya damu ikapanda mu usiku, asubui bakatupigia telefone kama unaugua. Barabara ilikuwa imefungwa, tukakungoja siku mbili, na nilikuwa bado mujinga, nilikuwa nawaza: akifika nitamuambia. Nitamuambia! Na ulifika mu sanduku.

Mutu mwenye anakufa akiwa amekatwa, kanisa haimuingize ndani. Ulijua ile sheria kuliko mimi, ulisaidia kuiandika. Chorale haikukuja. Pasta alikuja nyumbani kusalimia Mama sawa jirani, bila kitabu. Batu ya kiosque njo balikubeba ku mabega mpaka ku kaburi, na Papa Kambale akaanza wimbo juu sana, bakashindwa kumufuata, bakaanza tena, bakashindwa tena. Ule muchuuzi ya mafuta, Kasereka, alilia kuliko batu bote. Na mimi pale pembeni, na neno mu kinywa yenye ingefungua mulango ya kanisa. Nikaifunga na meno. Siku tatu ya kilio, batu ya kanisa banapita banaangalia chini, na mimi natoa chai. Unielewe, Papa, sikuogopa kukatwa. Niliogopa batu bajue kama niliona unazama na nikakaa.

Sasa umejua yote. Tufanye mbio.

Course ya kwanza ni rahisi, farasi munane. Paluku ameshinda mbili zake za mwisho, kilo hazikuongezeka sana, corde nzuri. Nimemuweka juu. Ungesema niko na haraka, mais angalia mwenyewe bale wengine saba: hakuna ata mumoja na musique ya kueleweka.

Ya pili nimeacha. Ni farasi batoto ya miaka mbili benye habajakimbia ata mara moja. Ulisemaka ile ni kumuuliza mutoto mu tumbo atakuwa mwalimu ao muganga.

Ya tatu ilinisumbua mpaka chai ikapoa. Kakule iko na musique ya kupendeza, 1p 1p 2p, na batu bote batamukimbilia. Mais bamemuongezea kilo ine, na ni mita elfu mbili na mia ine. Ku kilima ya mwisho, Papa. Nimemukata. Na bic yako nyekundu. Katembo hajakimbia tangu miezi tatu, sijui alikuwa mugonjwa ao alikuwa anapumuzika, nimemukata. Kambale amebadilishiwa jockey mara tatu, ile ni mutu mwenye hakuna anamuelewa. Nimebaki na Mbusa na pouliche moja, farasi dike mudogo, namba munane, anaitwa Petite Averse, mvua ndogo. Miaka tatu, kilo kidogo, wa ine, wa tatu, wa pili: anakuja. Nimemuweka yeye wa kwanza.

Sijui kama ungekubali. Nilingoja kidogo, sawa utakohoa pale ku kiti yako.

Papa Kambale akikuja nitamupatia, na nitamuambia hii ni ya kusoma. Kucheza, mimi hapana tena. Sasa niende kupasi nguo ya kesho.

*

Siku ya Mungu, saa tisa.

Papa, nilisimama.

Nilingoja matangazo yaishe. Mwandishi wa kanisa akauliza kama kuna mwenye iko na neno, na mukono yangu ikapanda kabla mimi nikubali. Nilishika banc ya mbele. Nilikuwa nimetayarisha maneno mingi, na mistari ya Biblia mbili, yote ikapotea. Nikasema: "Ile tiketi haikuwa ya Mwalimu. Ni mimi niliicheza. Aliibeba juu yangu, na nikamuacha aibebe mpaka akakufa." Mama mumoja nyuma akasema "Eh! Masika!" na sauti ya marché, na hakuna mwenye alicheka.

Yule shemasi aliondoa lunettes ku macho. Akasimama, akasema paka "Mwalimu wetu," akaketi tena. Pasta akasema wiki ijayo, kisha ya ibada, kanisa muzima itapanda ku kaburi yako, na chorale, na kitabu, na bataomba pale maombi yenye habakuomba. Akasema na jina yako itasomwa pamoja na bale balilala mu Bwana. Alisema pia: "Na sisi tutatubu, juu hatukuuliza mara ya pili." Nilifurahi alisema ile. Na mimi, miezi sita. Kuanzia leo.

Nikabeba sac yangu, nikaenda ku banc ya nyuma. Ule muzee wa kasiksi akanisogezea nafasi. Na pale niliketi niko naangalia viatu vyangu, nikasikia batu banageuka.

Ilikuwa Mama. Alitoka kule mbele, ku banc ya bamama, na uniforme yake ya bamama, akatembea katikati ya kanisa yote na ile mguu yake ya kuuma, polepole, akakuja kuketi na mimi. Nikamunong'oneza: "Mama, wewe hawakukukata. Rudia kule." Akasema: "Nyamaza." Akatoa kitambaa, akanipangusa pua sawa niko na miaka ine, mbele ya batu. Kisha akasema chini chini, kwa Kinande, na hapa nakuandikia kwa Kiswahili juu nikiiandika vile aliisema nitalia tena:

"Nilijua tangu ile siku. Papa yako hakujuaka ata dirisha ya kulipia iko wapi. Nilitaka kukushika masikio nikulete mbele, akanikataza. Nikamuuliza, utangoja mpaka lini? Akaniambia: 'Mama Masika, mimi sichezake farasi. Mais juu ya huyu mutoto, nimeweka.'"

Papa.

Saa hii bako banakimbia kule Ufaransa, course ya tatu pengine imeisha. Sijauliza. Papa Kambale atakuja kusema, ao hatakuja.

Lala sasa, Tata. Miezi sita nitaikaa yote, ku ile banc, na siku ya Meza nitatoka inje na bengine. Ile mama wa kanisa ya jirani akikuja kuniita, nitamupatia samaki na nitamurudisha. Viatu vyako nimepeleka kwa fundi, atavaa mutoto yangu mukubwa akifikisha mguu. Na kila mara mutu atasimama kwa ajili yangu tena, sitamuacha asimame peke yake. Ile nakuahidi, na kinywa yangu, na sauti.

Wasingya, Papa, aksanti. Wasingya kwa kungoja.

Masika wako